Orodha ya majina itafukuza wagonjwa, uraibu utabaki palepale

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kujibu barua ya msomaji mwenzangu iliyotoka ukurasa huu wa maoni wiki iliyopita, ile iliyotaka vituo vyote vya tiba ya uraibu viwe vinapeleka majina ya wanaojiandikisha kwa polisi, kwa viongozi wa eneo na kwa waajiri, eti ili jamii iwafuatilie wasirudi walikotoka. Simwoni kama mtu mbaya huyu ndugu. Anaonekana kachoka, pengine nyumbani kwake kuna mtu anauza kila kinachobebeka, na aliyefika hapo hawezi kuongea kwa upole. Ila alichopendekeza kikifanyika nawahakikishia foleni kwenye dirisha la dawa itapungua haraka sana, na haitapungua kwa sababu watu wamepona.

Mimi ni mshauri nasaha. Nakaa meza ya kwanza, ile ambayo mtu akija kuanza tiba anakutana nayo kabla hajamwona daktari. Kwahiyo nitaongelea ninachokijua, mambo ya nani anaingiza unga na kwa njia gani nawaachia wenyewe.

Watu wengi wanafikiri kujiandikisha ni kutaja jina na namba ya simu, unapewa dawa, unaondoka. Ingekuwa hivyo ningekuwa namaliza kazi saa nne asubuhi. Mtu akikaa mbele yangu namuuliza vitu ambavyo hajawahi kumwambia mama yake mzazi. Unatumia nini, unavuta au unajidunga, sindano mnachangia au hamchangii, mara ya mwisho ni lini, sio "juzijuzi", nataka saa. Pombe je. Vidonge vya usingizi je, unapata wapi, unameza vingapi. Umewahi kuzidisha ukazimia. Umewahi kutaka kujiua. Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kifua kikuu, umepima? Hela unapata wapi, na hapo ndo mtu anainamisha kichwa, sababu jibu linaweza kuwa wizi na linaweza kuwa mwili wake mwenyewe. Kama ni mwanamke namuuliza kama ana mimba, kama ana watoto na wako na nani saa hizi. Alafu kuna kipimo cha mkojo, kuna fomu ya kusaini.

Sasa mwambie huyo mtu kwamba karatasi hii ikijaa nakala inaenda polisi na nyingine kwa bosi wako. Atajibu nini? Atakaebaki kwenye kiti atadanganya, na wengi hata kiti hawatakikalia.

Na hapa ndo naomba msomaji mwenzangu anisikilize vizuri, maana watu wakisikia neno siri wanadhani tunaongelea aibu, kwamba tunamfichia mtu aibu yake. Aibu ipo lakini sio kubwa hivyo. Kubwa ni kwamba uongo kwenye hiyo meza unaua, naongea kwa maana ya kufa kabisa, na nitaeleza kwanini.

Chukua methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini. Ni ya kunywa, mara moja kwa siku, inakaa mwilini muda mrefu, na ndo maana inamwondolea mtu arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, kutwa nzima bila kumlewesha akishapata dozi yake. Ila kukaa huko mwilini kuna upande wa pili. Dozi ya leo haijaisha ya kesho inaingia juu yake, zinapandana, ndo maana siku ya kwanza mtu anaanzishwa kidogo, mara nyingi haizidi miligramu 30, na inapandishwa taratibu hadi anakotulia, wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Wiki mbili za mwanzo ndo za hatari zaidi. Ukiniambia unatumia heroini nyingi kuliko unayotumia kweli, ukidhani ukisema nyingi utapewa dozi ya kukutosha, unaweza ukapandishiwa haraka na ukalala usiamke. Ukinificha kwamba unameza vidonge vya usingizi au kwamba jioni lazima upige pombe, mchanganyiko huo unapunguza kasi ya kupumua na mtu anazimika usiku akiwa kitandani kwake, ndugu zake wanadhani anakoroma.

Buprenofini nayo, dawa nyingine ya tiba hii, ile inayowekwa chini ya ulimi, ukiiweka wakati heroini bado imejaa mwilini inaifukuza kwa mpigo na arosto inakuja yote kwa pamoja, kutapika, kuharisha, mwili unauma kama umepigwa. Kwahiyo lazima nijue mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Mtu anayeogopa kusema "leo alfajiri" kwa sababu anaona kama anajikamatisha, ataniambia jana asubuhi, na mateso atakayoyapata hapo yatamfanya aseme hiyo dawa ni sumu na kila mtu mtaani ataambiwa hivyo. Naltreksoni, ile inayozuia unga usifanye kazi mwilini, ndo kabisa, inataka mtu awe hajagusa unga wala dawa za jamii hiyo kwa siku 7 mpaka 10.

Na pombe, ambayo watu wanaidharau sababu inauzwa hadharani. Mtu aliyezoea kunywa tangu asubuhi akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya pili hadi ya nne akachanganyikiwa kabisa, anaona wadudu ukutani, moyo unakimbia, hilo linaua pia. Tukijua tunajiandaa, tunampa dawa za kumtuliza na vitamini B1 mapema. Lakini yule aliyeniambia "nakunywa kidogo tu wikendi" kwa sababu kamuona jirani yake kapita koridoni, huyo anarudi nyumbani bila maandalizi yoyote.

Kwahiyo ukweli wa mgonjwa ndo kipimo changu cha kwanza, mkojo unakuja baadae na mkojo wenyewe hausemi yote. Huwezi kuupata huo ukweli kwa nguvu. Mtu anautoa akijua unaishia wapi.

Msomaji mwenzangu aliweka na methali, kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Sawa kabisa, naikubali asilimia mia. Ila maradhi yanafichuliwa kwa mganga, hayatangazwi kwenye mkutano wa hadhara.

Hili la polisi kutaka majina sio wazo geni, wenzetu walishapita huko na inafaa tujue yaliishaje. Marekani kulitungwa sheria ya pombe mwaka 1970 na ya madawa 1972, na ndani yake kumbukumbu za tiba ya uraibu zikapewa ulinzi mkali kuliko faili za kawaida za hospitali. Hawakufanya hivyo kwa sababu wanawapenda sana watumiaji, waliona wazi kwamba mtu akijua faili lake linaweza kumfunga hatakuja kutibiwa. Na sheria ilipimwa mapema. New York 1972 kuna mtu aliuawa, shahidi akasema muuaji ana sura aliyowahi kuiona kwenye kliniki ya methadoni, waendesha mashtaka wakataka picha za wagonjwa wa kiume weusi wa umri fulani wa pale. Angalieni hapo, walikuwa hawatafuti mtu mmoja, walitaka wengi wapangwe mezani ili mmoja achaguliwe. Mkurugenzi wa mpango ule wa methadoni wa jiji, daktari Robert Newman, akakataa kutoa picha. Akatiwa hatiani kwa kudharau mahakama. Mwaka 1973 mahakama ya juu ya jimbo ikasema daktari yuko sahihi, picha za wagonjwa zinalindwa.

Najua kuna atakaesema, kwahiyo muuaji akae huru? Swali zito na silikwepi. Ila fikiria wale wengine wote kwenye zile picha ambao hawajaua mtu, ambao kosa lao ni kuamka asubuhi kwenda kunywa dawa. Kliniki ikigeuka kuwa duka la picha za polisi, kesho yake nani anarudi? Na ambao hawarudi wanaenda wapi, si wanarudi kwenye unga, na aliyekaa siku kadhaa bila kutumia mwili wake umeshapoteza ule uzoefu, akijipiga kiasi kilekile cha zamani ndo basi tena.

Hiyo sheria ya kwao imebadilishwa baadae, marekebisho makubwa yalitoka 2024 ili hospitali na vituo viweze kubadilishana taarifa kirahisi zaidi mgonjwa akisharidhia mara moja, na mimi naona ni sawa, daktari wa moyo anahitaji kujua mgonjwa wake yuko kwenye methadoni maana dawa hiyo inaweza kugusa mapigo ya moyo. Lakini kile kiini hawakukigusa, kumbukumbu za tiba hazitumiki kumshtaki mgonjwa bila ridhaa yake au amri ya mahakama.

Nisieleweke kwamba siri haina mipaka. Inayo, na kituo kinachokwambia "hapa chochote utakachosema hakitoki kamwe" kinakudanganya. Mtu akiniambia ana mpango wa kumuua fulani, siwezi kukaa nalo. Mtoto anateswa au anaingiliwa, siwezi kukaa nalo. Mgonjwa kazimia hajitambui, daktari wa dharura ataambiwa anatumia dawa gani, hata kama hajasaini. Mahakama ikitoa amri halali ikataja kitu mahususi, kinatolewa hicho kilichotajwa, sio faili zima. Na mtu aliyeletwa na mahakama ili atibiwe badala ya kufungwa, mahakama itaambiwa anahudhuria au hahudhurii, aliyoniambia tukiwa wawili yanabaki ofisini. Tofauti ni kwamba hii mipaka naisema mwanzo kabla mtu hajafungua mdomo, anaamua mwenyewe aniambie kiasi gani. Kumwambia mwisho baada ya kumwaga kila kitu ni utapeli.

Sasa nihamie kwenye ridhaa, maana ndo sehemu inayonikera kuliko zote na sijui kama watu wa nje wanaielewa. Mtu anakuja ana arosto, anatoka jasho, pua inachuruzika, miguu haitulii, ameambiwa dawa ipo ila lazima kuna fomu tano za kusaini. Atasaini. Ukimwekea fomu ya kuuza figo atasaini. Alafu baadae kituo kinakuja kusema "lakini alikubali picha yake itumike kwenye ripoti ya mfadhili, saini yake hii hapa." Jamani. Hiyo sio ridhaa, hiyo ni njaa imeweka dole. Fomu ya kuanza tiba yenyewe sawa, lazima isainiwe siku hiyo, lakini kila kinachohusu kumwambia mtu wa tatu, iwe mke, bosi, mtafiti, mwandishi wa habari, kinatakiwa kisubiri mtu akae sawa, dozi itulie, kichwa kirudi, ndo aulizwe tena upya. Na fomu yenyewe iseme majina, nani ataambiwa, ataambiwa nini, mpaka lini, na kwamba unaweza kuifuta muda wowote bila kunyimwa dawa. Fomu iliyoandikwa "nakubali taarifa zangu zitolewe kwa wahusika" haifai hata kufungia karanga.

Familia nazo. Hapa nitaonekana mkatili. Mama anapiga simu kituoni, analia, anauliza mwanangu kaja leo? Jibu letu ni kwamba hatuwezi kusema kama mtu huyo yupo kwetu au hayupo, jibu hilohilo tunampa kila anayepiga, hata kama huyo anayeulizwa hatujawahi kumsikia. Mama anatukana, anakata simu. Namwelewa. Ila kwenye simu mimi sijui kama ni mama, anaweza kuwa ni mwenye kumdai, anaweza kuwa mume aliyekuwa anampiga na sasa anamtafuta. Tunachofanya ni kumuuliza mgonjwa mapema, siku za mwanzo tu akishatulia, nani unataka ajue, na ukweli ni kwamba wengi wanamtaja mama. Akishasaini basi mama anaitwa, anakaa na sisi, anafundishwa arosto ikoje, anafundishwa kutumia naloksoni, dawa ya kumzindua mtu akizidisha. Familia iliyoingia kwa mlango huo inasaidia sana kuliko iliyoambiwa na jirani.

Wanawake ndo wanaumia zaidi na hili. Mwanaume akijulikana yuko kwenye tiba kuna watakaomsema, na kuna watakaompongeza pia, kwamba kaamua kubadilika. Mwanamke akijulikana swali la kwanza ni hao watoto unawalea vipi, la pili ni hela ulikuwa unapata wapi. Kwahiyo anakaa na mimba yake nyumbani anajaribu kuacha mwenyewe ghafla, kitu ambacho ni hatari kwake na kwa mtoto tumboni, wakati methadoni kwa mjamzito ni tiba inayokubalika na inapendekezwa kuliko kukata kwa ghafla. Anaogopa kadi tu. Kadi yenye jina la kliniki kwa herufi kubwa ndani ya pochi yake.

Na hiyo kadi inanileta kwenye jambo lingine. Tukisema siri inavuja watu wanafikiria wadukuzi wa mitandaoni. Wapo hao pia, Finland kuna kampuni ya vituo vya ushauri wa kisaikolojia iliitwa Vastaamo, mafaili ya wagonjwa wake yakaibiwa, na mwaka 2020 mwizi akaanza kuwatumia wagonjwa wenyewe mmoja mmoja ujumbe kwamba lipa yuro 200 kwa bitikoini la sivyo maongezi yako na mshauri wako yanawekwa hadharani. Walioathirika ni maelfu kwa maelfu, baadhi yao walipokuwa wanaongea na mshauri walikuwa bado watoto. Kwahiyo vituo vinavyohamisha mafaili kwenda kwenye kompyuta bila kufikiria nani ana nywila vijiangalie.

Ila kwa uzoefu wangu asilimia kubwa ya siri haivuji huko. Inavuja kwa rejista iliyoachwa wazi mapokezini kila anayesaini anasoma waliomtangulia. Inavuja kwa nesi kuita jina kamili na "wa methadoni njoo huku" kwenye benchi lenye watu wa kila aina. Inavuja kwa pazia, maana kuna sehemu chumba cha ushauri ni pazia tu. Kwa mlinzi wa getini anayeuliza kwa sauti unaenda kwa mateja? Kwa meseji ya kukumbusha miadi inayotumwa kwenye simu ambayo mtu anachangia na mdogo wake. Kwa kundi la wasapu la wafanyakazi ambapo mtu kapiga picha ya ukurasa wa rejista ili kuonyesha leo tulikuwa na kazi nyingi. Hayo yote hayahitaji bajeti kuyarekebisha. Wape watu namba, ita namba. Rejista ikae upande wa mhudumu. Meseji iseme "kumbuka miadi yako kesho" basi, na kabla ya kutuma uliza simu ni ya nani. Barua ya ruhusa kwa mwajiri iseme yuko chini ya matibabu mpaka tarehe fulani, ugonjwa gani haimhusu.

Methadoni ina tatizo lake la ziada kwamba kwa mwanzo mtu lazima aje kila siku anywe mbele ya mhudumu. Dawa ya presha unabeba ya mwezi unaenda zako, huyu anasimama foleni ileile kila asubuhi, Jumapili na sikukuu. Mtu yeyote akikaa upande wa pili wa barabara siku tatu ana orodha yake kamili bila hata kuomba. Kwahiyo mahali dirisha lilipo ni sehemu ya siri. Dirisha linaloangalia barabara lihamishwe, na aliyetulia muda mrefu apewe dozi za kubeba nyumbani kama taratibu zinaruhusu, na hao polisi tunaoambiwa tuwapelekee majina wasiegeshe gari getini, maana wakiegesha hata kwa kununua maji tu siku hiyo nusu ya watu wanageuza. Na mtu akikosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi hatuwezi kumpa ileile aliyoachia, inabidi ipitiwe upya, mara nyingi ishushwe. Kazi ya miezi inarudi nyuma.

Na nyie Mhariri nanyi mko humuhumu kwenye barua yangu. Mliweka siku za karibuni picha ya foleni ya watu wanaosubiri dawa, makala yenyewe ilikuwa nzuri tu, inasifia huduma, nadhani aliyeandika alikuwa na nia njema. Mkaziba macho yao na kile kipande cheusi. Wapendwa, mtu anajulikana kwa fulana, kwa anavyosimama, kwa kovu la mkononi, kwa kofia anayovaa kila siku ya Mungu. Wanaomjua hawahitaji macho. Naomba ile picha itolewe kwenye toleo la mtandaoni, na mkiamua kuomba radhi msiiweke tena ili kuonyesha ni picha gani mnayoiongelea.

Uingereza kuna kesi inawahusu moja kwa moja watu wa fani yenu. Mwanamitindo Naomi Campbell alikuwa amekana hadharani kwamba anatumia madawa, mwaka 2001 gazeti la Daily Mirror likachapa kwamba anahudhuria vikao vya Narcotics Anonymous, kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha madawa, pamoja na picha yake akiwa nje ya kikao. Kesi ikaenda mpaka House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya kwao wakati huo, na 2004 akashinda, majaji watatu kwa wawili. Fidia yenyewe ilikuwa paundi 3,500, hela ndogo kwa mtu kama yeye, lakini utofautishaji walioufanya ndo wa kujifunza. Walisema gazeti lilikuwa na haki ya kusahihisha uongo wake, kusema kwamba anatumia na kwamba anatibiwa. Kilichovuka mstari ni undani wa tiba yenyewe, anatibiwa wapi, vipi, mara ngapi, na ile picha. Hiyo ni kwa mtu maarufu aliyedanganya umma. Sasa kijana asiyejulikana na mtu, aliyesimama foleni tu, hajamdanganya yeyote, mlikuwa na sababu gani?

Kuna hoja moja ya upande wa pili naiheshimu. Wapo wanaosema siri ndo inalea unyanyapaa, kwamba waliopona wakijitokeza wakaongea jamii itabadilika. Ni kweli, na nimeona ushuhuda wa mtu mmoja ukileta watu wengi kituoni kuliko mabango yetu yote. Lakini ushuhuda ni mali ya mwenyewe. Anautoa akitaka, akiwa amesimama imara, akijua hata akiteleza kesho (na kuteleza kupo, huu ni ugonjwa wa kurudi rudi) ataweza kubeba maneno. Hata hao AA (Alcoholics Anonymous), kikundi cha wanaosaidiana kuacha pombe kilichoanza 1935, wanakaa vikao vya kutaja jina la kwanza tu, na hakuna anayewaita waoga. Kumtoa mtu hadharani wiki ya kwanza ya tiba kwa kisingizio cha kupiga vita unyanyapaa ni kumtumia.

Namalizia na wale wanaosoma hii wakiwa wanafikiria kujiandikisha, maana najua mpo, na barua ya wiki iliyopita huenda imewarudisha nyuma. Hakuna anayewazuia kuuliza maswali kabla ya kutaja jina. Uliza nani anaona faili langu hapa ndani na nani nje. Uliza mkinitafuta mtapiga simu gani na mtajitambulisha vipi. Uliza nikiandikishwa namba yangu ya kitambulisho inaenda kwenye mfumo upi. Uliza ni mambo gani mtalazimika kuyasema hata nikikataa. Uliza hiki chumba anayekaa nje anasikia? Omba nakala ya kila ulichosaini, na kama siku hiyo una hali mbaya sema kabisa, fomu za dawa nasaini leo, hizi nyingine tutaongea nikipata nafuu. Anayekujibu vizuri kaa, mwambie ukweli wote, wa pombe na wa vidonge na wa saa. Anayekukaripia kwa kuuliza, nenda kituo kingine kama kipo, na kama hakipo omba kuonana na mkuu wa kituo, ila tiba usiiache.

Jina langu mnalo hapo ofisini, naomba lisichapwe. Watu wanajua ninapofanya kazi, na likitoka gazetini kila nitakayesimama naye barabarani kusalimiana watamuhesabia na yeye.

Mshauri nasaha, msomaji wenu